Habari Ambazo Mji Mzima Umekwisha Kuzijua

Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya habari za miji midogo ya Mkoa wa Tanga kwa ajili ya redio, makazi yangu yakiwa Pangani, huku nikizunguka Muheza, Korogwe, Mombo na, mvua zikiruhusu, Lushoto. Mkoa huu ulikuwa na watu 2,615,597 kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, na walio wengi hawaishi katika Jiji la Tanga bali katika vijiji na miji ambayo majina yake husikika kitaifa pale tu basi linapopinduka, mto unapofurika au kiongozi anapopita na msafara wake. Mtu anayefuatilia habari za namna hiyo kwa mwaka mzima anaweza kudhani kwamba siku zilizobaki hakuna lolote linalotokea huku kwetu. Ninaandika haya kwa sababu nimeishi ndani ya siku hizo zilizobaki, na ninaamini kwamba humo ndimo maisha ya mkoa yalimo.

Jambo ambalo hakuna aliyenifundisha kabla sijaianza kazi hii ni kwamba katika mji mdogo msikilizaji huijua habari kabla ya mwandishi. Nyumba ikiungua alfajiri, ifikapo saa tatu asubuhi vijiwe vya kahawa vimekwisha kuijadili, wapangaji wamekwisha kutajwa kwa majina, na chanzo cha moto kimekwisha kuamuliwa mara tatu kwa namna tatu tofauti. Nikisoma taarifa yangu saa moja jioni, siwezi kumwambia mtu wa Pangani kwamba nyumba imeungua. Ninachoweza kumpa ni kile ambacho kijiwe hakikumpa: lipi kati ya yote yaliyosemwa limethibitishwa, limethibitishwa na nani, wenye nyumba wamelala wapi usiku huo, na baada ya wiki mbili jambo lenyewe limeishia wapi. Nilipolielewa hilo niliacha kushindana na simu za watu kwa haraka, na kazi yangu ikapata maana.

Suala lililonifundisha zaidi kuliko mengine yote ni uvuvi wa baruti. Mwambao wetu, kuanzia Mkinga hadi Pangani, uliteswa na uvuvi huo kwa miongo kadhaa, ingawa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaukataza waziwazi. Mlipuko mmoja huua kila kiumbe kilichomo katika eneo lake, kikubwa na kidogo, na huvunja matumbawe yanayochukua miaka mingi sana kukua tena, na wengi kati ya samaki waliouawa huzama chini wasiokotwe na mtu yeyote. Kishindo chake husikika hadi nchi kavu. Watu walikuwa wakikisikia wakiwa shambani, wakiwa barazani, wanafunzi wakiwa darasani, na kila mmoja alijua ni kishindo cha nini, lakini ukienda na kinasa sauti kuuliza, hukumkuta hata mmoja aliyesikia. Haukuwa woga peke yake. Aliyelipua alikuwa mtoto wa shangazi yako, au mume wa jirani aliyekukopesha unga mwezi uliopita, na si rahisi kumtaja mtu huyo redioni mchana kisha mkasimama safu moja msikitini jioni.

Aliyenionyesha njia ni mzee mmoja mvuvi wa mshipi niliyemkuta dikoni, pale wavuvi wanaposhusha na kuuza samaki, asubuhi moja, mnada ukiwa bado haujaanza. Nilimwamkia, akaniitikia, akanisikiliza nikiwauliza vijana maswali yangu na wao wakitazama pembeni, kisha akaniita kando. "Mwanangu," akasema, "ukiuliza nani, hutajibiwa mpaka kiama. Njoo nikuonyeshe samaki." Akachukua changu wawili waliolingana ukubwa kutoka matenga mawili tofauti. Wa kwanza alimshika kichwani, na mwili wote ukabaki umenyooka, mgumu, macho yaking'aa. Wa pili alipomshika hivyo hivyo, mwili ulining'inia kama kitambaa kilichotoka majini. Akanipa nipitishe kidole gumba mgongoni mwake, nami nikausikia uti wa mgongo ukicheza chini ya ngozi, umekatika sehemu mbili. Kisha akatoa kisu na kumpasua tumbo: damu ilikuwa imevilia kandokando ya mfupa, kibofu cha hewa kimepasuka, utumbo umevurugika. Nje, kwa asiyejua, samaki wale walikuwa sawasawa. Mzee akaniambia pia kwamba yule wa pili ataharibika mapema, na kwamba mama aliyemnunua kwa ajili ya kukaanga atakuwa amepata hasara kabla ya adhuhuri bila kujua sababu.

Nikaandaa kipindi kizima kuhusu namna ya kumtambua samaki wa baruti sokoni, na ndani yake hakukuwa na jina la mtu hata mmoja. Hakuna kipindi changu kilichowahi kupokea simu nyingi kiasi kile. Kina mama wachuuzi wakaanza kuwashika samaki vichwani kabla ya kutaja bei, mmoja akimfundisha mwenzake, na baadhi yao wakakataa kabisa kununua tenga lenye samaki walegevu. Wavuvi ambao hawakutaka kuniambia lolote kuhusu jirani zao walizungumza nami kwa saa nzima kuhusu samaki, na kupitia samaki wakaeleza yote yaliyobaki: mahali, nyakati za maji, hata namna mapato ya diko yalivyoshuka. Sitadai kwamba redio ndiyo iliyomaliza milipuko. Kilichoipunguza kwa kiasi kikubwa, katika miaka ya 2017 na 2018, ni operesheni za pamoja za vyombo vya dola. Lakini mazungumzo ya wazi kuhusu jambo hilo yalianza pale samaki alipowekwa mezani badala ya mtu, na tangu hapo, kila ninapokutana na jambo ambalo mji mzima unalijua na hakuna anayelisema, hutafuta kwanza kitu kinachoshikika mkononi ambacho ninaweza kukieleza.

Misiba nayo ina taratibu zake, na mwandishi asiyezijua hawezi kuaminiwa katika mwambao huu. Kutoka Kipumbwi huondoka boti na majahazi ya kwenda Unguja, na familia nyingi za huku zina nusu ya watu wao ng'ambo ya pili. Wakati mmoja, kusi ikivuma kwa nguvu, chombo kidogo cha uvuvi kilirudi na mtu mmoja pungufu. Baada ya muda mfupi nilikuwa na jina la kijana huyo kutoka kwa watu watatu tofauti, jambo ambalo katika vitabu vya taaluma linatosha kabisa kulitangaza. Nilipokwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kupata uthibitisho wa mwisho, alinithibitishia, kisha akasema kwa upole, "Lakini baba yake hajaambiwa, mwandishi. Yuko baharini, anakuja kutoka Mkokotoni, Unguja." Nikatangaza kwamba mvuvi mmoja anatafutwa, nikataja eneo, nikawaomba wenye boti wajitokeze kusaidia, na jina nikalihifadhi. Katika makundi ya WhatsApp jina lilikuwa limekwisha kusambaa, likiwa na umri usio wake na kijiji kisicho chake.

Siku iliyofuata, mwili ulipopatikana na baba akiwa amefika, familia ndiyo iliyonipigia simu. Walinipa jina kamili, saa ya maziko, na wakaniomba niwashukuru kwa niaba yao watu wa vijiji jirani waliochangia mafuta ya boti za kutafuta. Taarifa niliyoisoma jioni hiyo ilikuwa sahihi kuliko zote zilizokwisha kusambaa, na ilikuwa sahihi kwa sababu ilifuata mpangilio ambao msiba wenyewe unautaka: wazazi kwanza, kisha ukoo, kisha mji. Wapo vijana wa kazi hii wanaoona kwamba kusubiri namna hiyo ni udhaifu. Mimi naona kwamba aliyefiwa akijua hutamwumiza, atakuja mwenyewe kukupa ukweli, na wiki chache baadaye, ulipofika wakati wa kuzungumza kuhusu jaketi okozi na vyombo vinavyokwenda baharini bila hata moja, baba huyo ndiye aliyekuja studio kuzungumza.

Katika miji ya bara ya mkoa wetu, habari inayongojewa kuliko zote ni bei. Hili nililiona Muheza, ambako katika msimu wa machungwa mji mzima hubadilika sura: malori yamepanga foleni, wanunuzi wametoka Dar es Salaam na wengine wamevuka mpaka kutoka Kenya, na madalali wanazunguka vijijini kununua mashamba matunda yakiwa bado juu ya mti. Mkulima aliye mbali na barabara hujua bei ya shambani kwake tu, na anayemwambia bei hiyo ni yule yule anayenunua. Tulipoanza kutangaza kila asubuhi bei iliyotolewa siku iliyotangulia kandokando ya barabara kuu, tofauti ilikuwa kubwa mno kati ya bei hiyo na iliyokuwa ikitolewa vijijini, na wakulima wakapata neno la kuanzia mazungumzo. Vivyo hivyo kwa wakulima wa kabichi, karoti na viazi wa Lushoto: katika masika, maporomoko yakiangukia ile barabara ya kilomita zipatazo 33 kutoka Mombo kupanda milimani, taarifa ya saa kumi na mbili asubuhi kwamba njia imefungwa humwokoa mtu asivune mzigo utakaoozea pembeni mwa barabara. Hakuna mhariri wa kitaifa atakayeiweka taarifa hiyo ukurasa wa mbele, wala simlaumu, lakini kwa aliyelima ni habari kubwa kuliko hotuba yoyote ya wiki hiyo.

Nitakaa kidogo juu ya ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kwa kuwa ni chanzo kinachodharauliwa bila sababu. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji, unaomjumuisha kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, hufanya kazi chini yake. Kwa utaratibu, wananchi husomewa mapato na matumizi katika mikutano inayopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa hiyo hubandikwa mahali pa wazi. Mara nyingi nimekuta ubaoni karatasi iliyofifia kwa jua, imefunikwa nusu na tangazo la mkutano wa chanjo ya kuku, na ndani yake mna habari za kunitosha miezi miwili: fedha za kokoto za darasa zimetumika kiasi gani, ushuru umekusanywa kiasi gani, kipi kimeahirishwa.

Katika kijiji kimoja cha wilaya yetu, karatasi ya namna hiyo ilionyesha kwamba pampu ya mradi wa maji ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Nilikuwa nimepita bombani asubuhi ile ile. Madumu ya njano yalikuwa yamepangwa mstari mrefu, mengine yakiwa yamefungwa kitambaa cha rangi ili mwenyewe alitambue lake, na koki haikutoa hata tone. Sikukimbilia kutangaza kwamba kuna aliyekula fedha, maana sikuwa na ushahidi wowote wa hilo na mpaka leo sina. Nilichofanya ni kusoma redioni maneno yaliyokuwa kwenye karatasi kama yalivyoandikwa, kisha nikaweka sauti ya mama mmoja akieleza kwamba anaamka saa tisa usiku kwenda kuchota maji kisimani, na nikamaliza kwa kutaja tarehe ya mkutano mkuu uliofuata. Watu walioufurika mkutano ule walikuwa wengi kuliko kawaida, na wengi wao walikuwa wanawake. Ilijulikana kwamba pampu ilitengenezwa kweli, ila waya wa umeme ulioungua nao haukuwamo katika hesabu, na fundi alikuwa akingoja malipo mapya yaidhinishwe na mkutano ambao haukuwa umeitwa. Wananchi waliidhinisha siku hiyo hiyo. Nilirudi kijijini hapo mara kadhaa mpaka maji yakatoka, na kila mara nilitangaza hali niliyoikuta, hata pale ambapo jibu lilikuwa kwamba bado. Kurudi huko, ambako hakuna anayekulipia nauli yake kwa furaha, ndiko kulikonipatia imani ya watu kuliko sauti yangu au jina la kituo.

Kazi hii si mpya katika mkoa wetu, na nasikitika kwamba haifundishwi vya kutosha. Katika miaka ya 1890 Wamisionari wa UMCA, chama cha Kianglikana kutoka Uingereza, waliokuwa Magila, karibu na Muheza, walikuwa wakichapa gazeti la Habari za Mwezi, na mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ikaanzisha gazeti la Kiongozi, lililoendelea kutoka hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sehemu ya kurasa za Kiongozi ilijazwa na barua za walimu na makarani Waafrika waliokuwa wakiandika, kwa Kiswahili, mambo ya miji walikofanya kazi. Serikali waliyoitumikia ilikuwa ya kikoloni, na bila shaka hawakuwa huru kuandika kila walichokiona. Hata hivyo walikuwa watu wa miji midogo wakiwaandikia watu wa miji midogo kuhusu mambo yao, na mimi najiona nipo katika safu yao.

Uvumi ndio unaonitia hofu siku hizi kuliko ukimya. Si zamani sana, ujumbe wa sauti ulizunguka katika mji mmoja ulio kwenye barabara ya Segera na Korogwe ukisema kwamba kijana wa bodaboda amegongwa na amefariki, na jina likatajwa. Ndugu zake wa mbali walikwisha kuanza safari, na nyumbani kwao maturubai yalikuwa yanafungwa. Nilimpigia mwenyekiti wa kijiwe chao cha bodaboda, kwa kuwa yeye huwafahamu vijana wake wote na huwa na namba za ndugu zao, akaniambia kijana amevunjika mguu na yuko hospitali. Nikampigia kaka yake aliyekuwa naye wodini, akakubali kurekodi maneno mafupi. Tuliyarusha maneno yale mara moja, tukakatiza muziki, na saa hiyo hiyo maturubai yakafunguliwa. Simu mbili zilitosha, lakini zilitosha kwa sababu namba zile nilikuwa nazo tayari, na nilikuwa nazo kwa kuwa nilikwisha kukaa na watu wa kijiwe kile nikinywa nao kahawa siku ambazo hapakuwa na habari yoyote.

Kwa sasa jambo linalozungumzwa Pangani ni daraja. Mto wetu, unaokusanya maji kutoka Kilimanjaro na Meru, huingia baharini hapa mjini, na kwa miaka yote watu wa Bweni, ng'ambo ya mto, wamevuka kwa kivuko. Daraja lenye urefu wa mita 525 ni sehemu ya barabara ya kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, na mita hizo pamoja na gharama zake zimekwisha kutangazwa nchi nzima. Maswali ninayoulizwa mimi ni mengine. Mama anayeuza mihogo ya kukaanga kwenye maegesho ya kivuko anauliza kama magari yatasimama tena mahali popote ambapo anaweza kuyafikia na sinia lake. Wachukuzi wanaopakua mizigo wanauliza kama watahesabiwa miongoni mwa watu watakaopoteza kipato. Mzee wa Bweni anauliza kama kivuko kitaendelea kwa waenda kwa miguu, kwa kuwa daraja limejengwa mbali kidogo na mahali anapokwenda kuswali Ijumaa. Nimeyaandika maswali hayo yote kama yalivyoulizwa, nikayapeleka kwa barua katika ofisi inayohusika na kugongewa muhuri wa kupokelewa, na nimewaambia wote kwamba kila Jumatatu, katika taarifa ya jioni, nitasema kama jibu limekuja au halijaja.